Kipimo cha Shikamoo

Mama Deo ameniomba niandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa ajili yenu wadogo zangu mtakaokalia kile kiti cha plastiki baada yangu. Huu ndio ukurasa wenyewe. Umezidi kidogo, kwa sababu mimi kuongea siwezi ila kuandika naweza.

Naitwa Yasinta, wa Nangara. Nina miaka kumi na minane na ninastaafu. Kwa miaka miwili nimeuza hedifoni na erfoni kwenye duka la Mama Deo, hapa Babati mjini, jirani na mashine ya kusaga: Jumamosi, likizo, na miezi yote ya kusubiri matokeo ya kidato cha nne. Najua wapo wazee waliofanya kazi miaka arobaini na hawakuandika hata barua. Lakini wiki ijayo naenda kidato cha tano, shule ya bweni, ambako simu ni marufuku na hedifoni ukikutwa nayo inapigwa nyundo mbele ya paredi. Yaani nakwenda mahali ambapo ujuzi wangu wote ni kosa la nidhamu. Bora niuache hapa.

Kwanza, kiti. Mguu wa nyuma wa kushoto una ufa. Usiegemee. Mteja akishakuona umeanguka, hakuamini tena kuhusu sauti.

Pili, watu. Mama Deo ndiye mwenye duka, na yeye anaongea kwa niaba yetu sote. Kaka Lazaro ni fundi simu, ana meza yake kando ya kabati la kioo. Yeye haongei. Miezi minne ya kwanza mimi na yeye tulisemezana maneno yasiyozidi hamsini, na mengi yalikuwa "koleo". Karibu kila ninachokijua nimefundishwa na yeye.

Mnaweza kujiuliza mtu mwenye haya kama mimi alipataje kazi ya kuuza. Nilikuwa nikitembea na hedifoni kubwa nyeusi masikioni kila mahali, nikienda dukani, nikienda bombani. Mama Deo akamwambia mama yangu, "Huyu mtoto anapenda sauti, niletee anisaidie." Hakujua kwamba ule waya ulikuwa umeishia mfukoni. Haukuchomekwa popote. Simu yenyewe sikuwa nayo. Nilizivaa ili watu wasiniongeleshe. Nimeliandika hilo kwenye shajara yangu siku ileile nilipoajiriwa, na hapa ni mara ya kwanza kulisema kwa watu. Mama Deo akisoma, samahani mama.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda.

"Mambo, dada. Hii hedifoni inapiga?"

"Inapiga."

"Inapigaje?"

"Vizuri."

Akanunua. Akazivaa, akavaa kofia ngumu juu yake kwa nguvu, akaondoka kuelekea Sigino. Baada ya saa moja akarudi na vipande viwili, kila kimoja mkono wake.

"Dada, imepiga mpaka imepasuka."

Kaka Lazaro alichukua vile vipande, akavitazama, akaniambia sentensi yake ya kwanza ndefu: "Usimuulize mteja anapenda muziki gani. Muulize kichwani anavaa nini."

Hilo liandikeni kwenye kiganja. Mwenye kofia ngumu mpe erfoni ndogo za kuchomeka sikioni, tena moja tu, barabara ina malori. Mama mwenye kilemba usimpe za kubana juu ya kichwa, zitateleza na kilemba kitavuka mbele za watu na hatarudi tena dukani kwako. Mwenye rasta mpe za upinde wa nyuma ya shingo. Mwenye miwani mruhusu avae hedifoni huku akiongea na Mama Deo. Akimaliza kumsikiliza Mama Deo na masikio hayajamuuma, hata safari ya Dar es Salaam ataiweza. Mwenye shamba usimpe ya waya, jembe litaukamata. Na sponji laini zinazong'aa, zile kama ngozi, jua la hapa na vumbi vikizipata kwa msimu mmoja zinapukutika, mtu anabaki na magamba meusi masikioni kama amepikia ugali humo. Za kitambaa hazivutii macho ila zinadumu.

Kuhusu za blutuu, muulize mteja anakoishi umeme unakatika mara ngapi. Kama anacheka, muuzie ya waya.

Mteja niliyempenda kuliko wote ni mzee mmoja mfugaji aliyetoka Simanjiro na shuka lake na fimbo yake. Masikio yake yalikuwa na yale matundu mapana ya wazee. Mimi nilishika erfoni, nikawa natazama chini. Yeye akasema, "Shika vizuri, binti. Sikio langu lina matundu mawili. Utaanza na lipi?"

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Kaka Lazaro alikuwa ameinamia koleo, mabega yanatikisika.

Yule mzee alitaka kusikiliza redio ya kwenye simu akiwa malishoni, lakini lazima asikie kengele ya ng'ombe. "Sikio moja la redio, moja la ng'ombe," alisema. Nikamkatia erfoni upande mmoja. Wiki iliyofuata akarudi. Akasema kwaya anayoipenda sasa ina wanawake peke yao, wanaume wameondoka. Nikadhani ananitania tena. Kaka Lazaro akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, kwenye sehemu iliyoandikwa ufikivu, akashuka chini kabisa, akawasha swichi moja. Wanaume wakarudi. Sauti nyingi zinarekodiwa nusu kulia nusu kushoto, wadogo zangu, na ile swichi inaziunganisha zote zipite upande mmoja. Mkumbuke hiyo swichi. Itarudi.

Jambo jingine alilonifundisha Kaka Lazaro ni kugeuza. Mteja akileta hedifoni na kusema upande mmoja umekufa, usibishane naye. Zigeuze kichwani mwake, ya kulia ije kushoto.

"Kifo kikihama, ni waya," alisema.

"Kisipohama?"

Akafikiri. "Utajua siku hiyo."

Nikasubiri kama miezi kumi.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Likizo ya mwezi wa sita, baridi ya mlima Kwaraa inashuka mpaka kwenye magoti, tuliletewa hedifoni za kuziba kelele kabisa. Mama Deo alisema niende nazo nyumbani nizijaribu ili nijue nikisemacho. Nikazivaa, safari hii zikiwa na simu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikatembea Nangara nzima bila kusikia mtu. Nilifurahi sana. Jioni mama akaniita.

"Yasinta, umempita Bibi Martina leo?"

"Nimempita."

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Kwa sauti gani?"

"Yangu."

"Basi hukumwamkia."

Bibi Martina ni bibi wa mtaa mzima. Nyumba yake iko kwenye kona ambapo njia ya kutoka kwetu inakutana na barabara, na kila siku anakaa uani kwenye kigoda, anachambua mbaazi, hakuna anayeweza kupita asimpite yeye. Siku hiyo alikwenda kwenye jumuiya akasema mbele ya watu wote, "Yule mtoto wa Mama Yasinta kanipita kama kapita gogo. Mmempa vitu vya masikio, sasa hata shikamoo imewashinda. Na si yeye tu. Watoto wote wa mtaa huu wamekuwa hivyo."

Kwenu ninyi mtakaosoma haya, kama hamjui uzito wake, niwaambie. Ukipata sifuri ya hesabu hapa kwetu, unarudia mtihani. Ukisemwa huna adabu kwa wakubwa, mama yako ndiye aliyefeli, na hakuna mtihani wa kurudia. Kufikia Jumatano wazazi wa Nangara walikuwa wamewanyang'anya watoto wao hedifoni. Kufikia Ijumaa wengine walikuwa wamezirudisha dukani zikiwa kwenye mifuko ya sukari.

Mama Deo alinikalisha kwenye kile kiti.

"Duka langu linauza vitu vya masikio, na muuzaji wangu anasemwa hasikii. Unaelewa hiyo imekaaje?"

"Naelewa mama."

"Utakaa nyuma, ukunje waya. Mbele sitaki wakuone. Bibi Martina mwenyewe akija hapa akaniambia yamekwisha, utarudi. Mwezi ukiisha hajaja, Yasinta, nitatafuta mwingine. Sikuchukii. Ni biashara."

Mimi si mtu wa kulia, lakini nililia, nyuma ya maboksi, huku nakunja waya. Lile duka lilikuwa mahali pekee nje ya nyumbani ambapo watu walikuwa wananiita Yasinta. Kwingine kote naitwa yule mkimya.

Ndipo Mama Deo akatunga kipimo chake. Mpaka wakati huo tulikuwa na kipimo kimoja tu, cha mashine. Hicho ni cha safari: mteja anavaa hedifoni, anasimama mlangoni pa mashine ya kusaga wakati inakoboa, anasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya nusu. Akielewa habari inasema nini, hizo zinafaa kwa basi la masafa marefu, maana injini na video za kwenye basi hazizidi ile mashine. Asipoelewa bila kupandisha sauti mpaka mwisho, mwambie aache, ataharibu masikio kabla hajafika Dodoma.

Kipimo kipya ni cha mjini. Mteja anavaa, anaweka wimbo kwa sauti anayoipenda. Muuzaji anasimama hatua mbili nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida. Mteja akiwa mkubwa, anamwambia "Shikamoo", na mteja lazima aitike marahaba. Akiwa kijana, Mama Deo anasema "Hujambo mwanangu", na kijana lazima ageuke na kutoa shikamoo yake. Asiyegeuka hauziwi hizo. Akaandikisha tangazo na kulibandika ukutani: HEDIFONI ZETU ZINASIKIA SHIKAMOO.

Niseme kitu ambacho wauzaji wa miji mingine hawatawaambia. Hakuna hedifoni iliyowahi kufaulu vipimo vyote viwili. Inayoziba mashine inaziba na shikamoo, na ile inayopitisha shikamoo inapitisha pia mtoto anayelia kiti cha nyuma kutoka Singida mpaka Morogoro. Zipo za bei kubwa zenye kitufe cha kuruhusu sauti za nje, ila kitufe hicho watu hukikumbuka wakishampita mkwe. Kwa hiyo muulize mteja siku zake nyingi anazipitisha wapi, kwenye basi au kati ya watu. Muuzie mtu maisha yake ya kila siku kwanza. Safari ataazima.

Mimi huku nyuma nilikuwa na kazi ya kuomba msamaha. Nilikwenda kwa Bibi Martina Jumamosi. Alikuwa kwenye kigoda chake, ametazama nyumba, ungo wa mbaazi magotini. Nilisimama njiani, nikavua hata kofia ya sweta.

"Shikamoo bibi."

Akaendelea kuchambua.

"Bibi, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi."

Mbaazi mbovu ikarushwa huku, nzima ikabaki kule. Nikajua amekataa. Nikaondoka. Jumapili hivyohivyo. Jumatatu nilibeba na maziwa, nikarudi nayo. Mama akauliza mbona maziwa yamerudi, nikasema bibi hakuyataka. Kwenye shajara niliandika: "Leo pia amekataa. Anajua kunyamaza kuliko mimi."

Zikiwa zimebaki siku tisa za ule mwezi, Bibi Martina akaja dukani mwenyewe. Nilimwona kwa upenyo wa maboksi. Nikadhani amekuja kusema yamekwisha. Kumbe amekuja kununua.

"Mama Deo, naenda Dar kwa binti yangu Agnes. Safari iliyopita basi lilituwekea sinema, watu wanapigana risasi toka Babati mpaka Chalinze. Nataka vitu vya masikio. Nisikie kwaya, nisisikie bunduki."

"Karibu bibi, tena umekuja penyewe," Mama Deo alisema, akajikohoza. "Na lile suala la huyu mtoto..."

"Nyeusi, zile kubwa," Bibi akasema.

Mama Deo alimwekea kwaya kwenye ile simu ya kupangusa aliyoletewa na Agnes, akamuuzia. Kesho yake Bibi akazirudisha. "Upande mmoja umekufa." Kaka Lazaro akazijaribu, zinalia pande zote. Akampa nyingine bila kubishana. Siku ya tatu akazirudisha na hizo. "Hii nayo imekufa upande mmoja. Mnauza maiti hapa?" Akapewa za tatu. Siku ya nne akarudi, na siku hiyo Mama Deo alikuwa amekwenda kulipia leseni.

Kaka Lazaro alinitazama kule nyuma. Akasema, "Toka."

"Mama amesema nisikae mbele."

"Toka, uzigeuze."

Nikatoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, hedifoni kichwani, kwaya inaimba kwa sauti ambayo mimi niliisikia nikiwa bado kando ya kabati. Alionyesha sikio la kushoto: limekufa hapa. Nikazivua taratibu, nikazigeuza, iliyokuwa kulia nikaiweka kushoto. Nikamwonyesha kwa mkono: wapi?

Akaonyesha kushoto.

Kifo hakikuhama.

Nilizima simu. Nikazivua kabisa zile hedifoni, nikaziweka juu ya kioo. Nikaenda hatua mbili nyuma yake, upande wa kushoto, kama kipimo kinavyotaka, nikasema kwa sauti yangu kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo siku hiyo, "Shikamoo bibi." Aliendelea kutazama barabara. Nikahamia kulia. Nikainama karibu na sikio.

"Shikamoo bibi."

Akageuka kwa furaha kabisa. "Marahaba mjukuu wangu! Kumbe shikamoo unaijua?"

Nikafikiria kile kigoda uani kwake, kilivyokaa. Ametazama nyumba. Njia iko kushoto. Mtaa mzima tunampita kushoto.

"Bibi," nikasema upande wa kulia, "hedifoni ni nzima. Zote tatu. Sikio lako la kushoto ndilo halisikii."

Hakukasirika. Alitazama kama kuna mtu mlangoni, kisha akanishika mkono.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Nilijua ni uchovu. Usiwaambie."

"Bibi, watu wanasema mimi..."

"Najua wanasema nini, mimi ndiye niliyesema." Akanivuta karibu. "Agnes akisikia nimekuwa kiziwi, atanihamishia Dar moja kwa moja. Mbaazi zangu nani atachambua? Usiwaambie, Yasinta."

Nilimtazama Kaka Lazaro. Alikuwa ameinama, anatafuta koleo alilolishika.

Wadogo zangu, nitakuwa mkweli. Nilitaka kusema. Sentensi moja tu ingenisafisha mimi, mama yangu, na vijana wote wa Nangara waliokuwa hawana hedifoni. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nilisifiwa kwa kukaa kimya bila kutaka, siku hiyo ndiyo pekee kimya kilinigharimu. Nikasema, "Sawa bibi."

Nikachukua simu yake, nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, chini kabisa, nikawasha ile swichi ya mzee wa Simanjiro. Nikamvalisha hedifoni kubwa za kuziba kelele, sauti yote ikipita kulia. Tukaenda mashineni, akasimama mlangoni inakoboa. Alifumba macho. Nilipomvua alikuwa na machozi kidogo. "Na besi wamo," alisema. "Tangu mwaka jana sijawasikia besi."

Mama Deo akarudi akatukuta. Bibi Martina akamwambia, "Mama Deo, huyu mtoto ana adabu. Nimemsamehe. Yamekwisha."

Nikasamehewa kosa ambalo sikulifanya, na nikashukuru. Nikarudi kwenye kiti. Siku hiyohiyo nikaegemea, ndiyo maana ule ufa uko pale.

Lakini vijana wenzangu walikuwa bado hawajasamehewa, na Bibi alikuwa na wiki tatu kabla ya kusafiri. Basi nikaanza kuwaambia mmoja mmoja, kwa maneno machache: ukifika kwa Bibi Martina usipite tu. Ingia uani, zunguka, simama mbele yake, mpe mkono, ndipo useme shikamoo, upande wa kulia.

"Kwa nini kulia?"

"Ni mila."

"Mila ya nani?"

"Ya zamani."

Hawakuuliza zaidi. Mtu mkimya akisema kitu watu wanadhani amekifikiria sana. Wiki ya pili walikuwa wanawafundisha wadogo zao. Sasa hivi nasikia na mtaa wa Maisaka wameanza, kwa mabibi wao ambao masikio yao ni mazima kabisa, na mama mmoja alimweleza Mama Deo kwamba ndivyo walivyofanya mababu. Bibi Martina alikwenda kwenye jumuiya akasema watoto wamebadilika. Sifa akapewa Mama Deo kwa sababu ya lile tangazo la ukutani. Alizipokea.

Mimi ilibidi niongeze sauti, kwa kuwa sauti yangu hata sikio zima lilikuwa halisikii vizuri. Nilifanya mazoezi pale mashineni, maana ikiwaka hakuna anayekusikia. Nilisimama nyuma ya kina mama wenye ndoo za mahindi nikawa napiga kelele, "Shikamoo! Shikamoo!" kila siku kidogo. Siku moja umeme ukakatika katikati. Mashine ikanyamaza ghafla na mimi nikabaki peke yangu hewani: "SHIKAMOO!"

Foleni nzima ikageuka. "Marahaba," wakaitika, pamoja na mwendesha mashine.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini niseme ukweli, ilikuwa ni mara ya kwanza kuitikiwa na watu wengi hivyo.

Bibi Martina akasafiri. Alikaa Dar mwezi mmoja na nusu. Haya yote naweza kuyaandika leo kwa sababu aliporudi aliyatangaza mwenyewe pale stendi, kabla mizigo haijashuka. Agnes aligundua siku ya pili tu, kwa kumwita akiwa jikoni. Akampeleka hospitali, akawekewa kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto, rangi ya ngozi, kinatumia betri ya kidonge. Hakuhamishwa. Anakionyesha kwa kila mtu. Ameniambia kinashinda hedifoni zetu zote, na kwamba Mama Deo angekuwa na akili angeuza hivyo.

Jana nilikwenda kumuaga. Alikuwa kwenye kigoda chake, ametazama nyumba, njia kushoto kwake, vilevile. Mimi nimeshazoea. Nikaingia uani, nikazunguka, nikasimama mbele, nikampa mkono, nikainama kulia, nikavuta pumzi kama niko mashineni.

"SHIKAMOO BIBI!"

Kuku walikimbia. Mbaazi zilimwagika kutoka kwenye ungo.

"Marahaba," Bibi Martina alisema, akiwa ameshika sikio. "Sasa Yasinta, kelele zote hizo za nini? Mimi kiziwi?"